Bi Takriban na Magauni Mia Nne

Kila asubuhi, kabla ya kujaza birika, yule mama alisimama mbele ya ndoo ya maji akatamka idadi ya vikombe. "Sita na kidogo," alisema peke yake, kisha akachota na kuhesabu. Vikitoka sita na kidogo, aliwasha jiko. Vikitoka vinane, alilitazama birika kwa jicho la pembeni kana kwamba limemficha jambo, akamwaga, akaanza upya.

"Mama, chai ni chai tu," binti yake alikuwa akimwambia.

"Chai ni chai. Nataka kujua ni nani kati yetu muongo, mimi au birika."

Kazini walimwita Bi Takriban, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Ukimuuliza saa, takriban saa nne. Ukimuuliza njia, takriban hatua mia mbili halafu kata kushoto. Siku moja fundi mmoja wa cherehani alimuuliza ana watoto wangapi, akajibu, "Takriban wawili," kwa sababu mkubwa alikwisha kuolewa na alikuwa akionekana Jumapili tu. Walicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano.

Lakini mzaha ulikuwa juu juu. Chini yake alikuwa mtu wa shaka. Namba yoyote iliyomjia aliishuku kama mtu anavyomshuku mgeni anayepiga hodi huku viatu amevishika mkononi. Tabia hiyo aliirithi kwa shangazi yake, aliyemfundisha kukata nguo baada ya yeye kuacha shule darasa la nne. Shangazi yule hakumruhusu kugusa futi ya kupimia kabla ya kukisia kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. "Kisia kwanza," alimwambia. "Futi ikikukatalia, mmoja wenu anasema uongo. Usikate mpaka umjue."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkataji pekee katika karakana ile ya nguo. Kilikuwa chumba kirefu chenye cherehani nane ukutani, meza ya kukatia katikati, na meza ya pasi karibu na dirisha. Kwenye pasi alisimama wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mzito. Wawili hao walikuja pamoja asubuhi, wakaondoka pamoja jioni, na njia nzima walibishana.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa. Mwaka ule magoti yalimzidi, akamleta mume wa binti yake awe msimamizi. Mkwe huyo alitoka kwenye duka la vigae vya sakafu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, alifika mapema, na mfuko wa shati lake haukukosa kikokotoo. Kwa hiyo nacho kikawa jina lake, Kikokotoo, ila hilo lilisemwa akiwa mbali.

Siku hospitali ilipoagiza magauni ya wagonjwa, yaliletwa majora kumi ya kitambaa cha kijani, kila jora mita hamsini. Kikokotoo alikaa na daftari lake tangu asubuhi, akapima, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Saa sita akasimama mbele ya mafundi.

"Mita mia tano hizi zinatoa magauni mia nne," alisema. "Nimekwisha kutoa na ya mabaki. Mama ameshawaahidi hospitali mia nne."

Bi Takriban alikuwa akinoa mkasi. Aliacha kunoa, akainama kidogo, akaweka kiwiko begani kwa wifi yake.

"We, vipi!" wifi akaruka. "Mimi ni ukuta?"

"Tulia." Alishusha mkono kutoka begani kwa wifi, mara moja, mara mbili, na nusu, mpaka chini ya goti. Mikono miwili na nusu. Gauni lina mbele na lina nyuma, hiyo mitano. Mikono ya gauni na mapindo, ongeza nusu. Mita moja ni mikono miwili na kitu, kwa hiyo majora yote kumi ni kama mikono elfu moja na mia moja. Gawanya kwa mitano na nusu.

"Takriban mia mbili," akasema.

Kikokotoo alitabasamu. "Mia mbili nini, mama?"

"Magauni. Hicho kitambaa hakifiki mia nne, baba."

"Mama, mimi nimepima kwa rula. Wewe umepima kwa nini?"

"Kwa wifi yangu."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na Kikokotoo mwenyewe akacheka. Bi Takriban hakucheka. "Mita mia tano kwa magauni mia nne," alisema, "ni mita moja na robo kwa kila gauni. Mita moja na robo inamvika mtu mbele. Nyuma mgonjwa atapigwa na upepo."

"Si ndivyo yalivyo magauni ya hospitali?" fundi mmoja akadakia. "Nyuma wazi!"

Kicheko kikarudi mara mbili. Hapo Bi Takriban akanyamaza. Alijua namba ile haikubaliki, lakini hakujua imepotelea wapi, na mkubwa huwezi kumkosoa mara mbili kwa siku moja bila kitu mkononi. Akatandaza kitambaa.

Alikata siku nne. Alikata kwa ubahili, akageuza karatasi za kukatia huku na huku, akabana mkono wa gauni kwenye pembe ambayo mwingine angeitupa. Jioni ya siku ya nne jora la mwisho lilibaki kijiti kitupu. Kikokotoo alihesabu mafungu, akahesabu tena kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Mia moja tisini na saba.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alifungua daftari, akalitazama, akaitazama meza, halafu akauliza taratibu, "Mita mia mbili na hamsini zimekwenda wapi?"

Cherehani zilisimama moja baada ya nyingine.

"Nilisema," Bi Takriban akaanza. "Nilisema takriban..."

"Ndiyo, ulisema." Kikokotoo alimtazama kama mtu aliyekumbuka mahali alipoacha ufunguo. "Kabla hujakata hata kipande kimoja, ulisema yatatoka magauni mia mbili. Yametoka mia mbili. Ulijuaje?"

Swali lile lilibaki limening'inia pale katikati ya chumba, na kila mtu aliona likigeuka sura. Siku nne nyuma lilikuwa kichekesho. Sasa lilikuwa ushahidi. Nani anayejua mapema kitu kitapungua kiasi gani, kama si yule atakayekipunguza?

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kikokotoo alisema, kwa sauti ya kujisemea, na akafunga daftari.

Kuanzia kesho yake, mlangoni paliwekwa meza ndogo. Mlinzi, kijana wa kimo kirefu aliyezoea kumwita Bi Takriban shangazi na kumwomba karanga, alisimama nyuma yake akiangalia viatu vyake mwenyewe.

"Shangazi, mkoba."

"Mkoba umefanyaje?"

"Nimeambiwa niutazame. Samahani."

"Unatafuta mita mia mbili na hamsini humu?" Aliufungua mpaka mwisho. "Tazama vizuri. Pengine zimejikunja chini ya miwani."

Mafundi wengine walipita. Wengine walitazama pembeni kwa huruma, wengine hawakutazama kabisa, na hao ndio waliomuumiza. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuondoka na hata kitambaa cha kufutia pua, na sasa aliwasikia wakipunguza sauti kila alipokaribia. Alikwenda kufuata uzi, fundi mmoja akahamisha boksi la vifungo upande wa pili. Labda alikuwa akipanga tu, labda hapana. Alipogeuka, aliona macho mawili yanarudi haraka kwenye sindano. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Yeye aliliona likija.

Jambo baya zaidi ni kwamba shaka, ikishaingia nyumba, haichagui chumba. Na yeye akaanza kuwatazama wenzake. Kama hesabu ya mkwe ni kweli, basi kitambaa kimeibwa, na kama si yeye, ni nani? Hesabu ile hakuiamini, lakini usiku mmoja wa kugeuka kitandani ulitosha kumtoboa. Labda mkono wake umezeeka. Labda kweli vipande vilitoka mlangoni kimoja kimoja. Nani alikuwa anabaki nyuma akizima pasi? Nani alikuwa na kikapu kikubwa cha nguo, tena chenye mfuniko?

Na wifi naye alikuwa amebadilika. Jioni siku hizi aliondoka mapema, kwa haraka, bila kungoja ubishi wa njiani.

Jumapili mchana Bi Takriban alikwenda kwa wifi yake bila kualikwa. Wifi alikuwa nyuma akianika vyombo. Sebuleni dirishani palikuwa na pazia jipya. Kijani.

Alisogea, akashika pindo, akalisugua kwa kidole gumba na cha shahada kama anavyopima kitambaa cha dukani. Akalipeleka puani.

"Wifi," sauti ikatoka mlangoni, "unanusa pazia langu?"

Aliliachia kama limemuunguza. Ilikuwa shuka kuukuu, imepauka, pindo limetiwa viraka. Ile shuka ya kijani aliyomtandikia mume wake alipokuwa mgonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa wifi baada ya msiba.

Wifi alisimama na sahani mkononi. Uso wake ulielewa polepole, kisha ukaelewa kabisa.

"Umekuja kunipekua."

"Na wewe unaondoka mapema siku hizi," Bi Takriban akajitetea, akasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyo membamba.

"Naondoka mapema kwa sababu siwezi kusimama pale mlangoni nikitazama mkoba wa mke wa kaka yangu unavyogeuzwa kama mfuko wa takataka!" Wifi aliiweka sahani kwa kishindo. "Na nikwambie ukweli? Hata mimi nimekufikiria. Mara moja. Nikajitemea mate. Lakini yule mtu alipima, wifi. Nilimwona kwa macho yangu, pale mezani, wewe umekwenda kunywa chai. Alizitandaza zile karatasi zako za kukatia, zote tatu, akapima moja moja kwa rula, juu, chini, ubavuni, akaandika. Mtu amepima kwa makini namna ile, anakosaje?"

Bi Takriban alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Karatasi ngapi?"

"Tatu. Ya mbele, ya nyuma, ya mkono. Hazikuwa tatu?"

"Zilikuwa tatu," alisema. "Wifi, zilikuwa tatu kweli."

"Sasa unachekea nini?"

"Sicheki." Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa njiani. Alimshika wifi mkono ule mzito, akaubusu kama watoto wanavyombusu bibi. "Nisamehe pazia."

"Nitakusamehe takriban," wifi akasema, bado amekunja uso.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mama Mkubwa kabla hajavaa aproni.

"Mama, naomba unitazame nikikata gauni moja. Moja tu. Na mkweo awepo, na daftari lake."

Mama Mkubwa alitupa jicho mlangoni. "Njoo saa ya chakula," alisema. "Watu wakiwa nje."

Alidhani ni kwa ajili ya utulivu. Baadaye aliliwaza neno hilo sana.

Saa ya chakula chumba kilikuwa tupu, cherehani zimefunikwa. Bi Takriban alikuwa amepata kipande cha kitambaa cha bitana, akakitandaza mezani na kukikunja katikati, tabaka mbili. Juu yake akaweka ile karatasi ngumu ya mbele ya gauni, ubavu mmoja umelala sawasawa kwenye mkunjo.

"Baba," alimwambia Kikokotoo, "hii ni sehemu gani ya nguo?"

"Mbele."

"Mbele yote?"

"Imeandikwa MBELE. Si umeandika wewe?"

Akakata kuzunguka karatasi. Kisha akakishika kile kipande kwa ncha na kukifungua. Kilifunguka kama kitabu, kikawa na upana mara mbili ya karatasi. Mabega mawili, siyo moja.

Kikokotoo alikishika kile kipande, akakifunga, akakifungua tena.

"Mtu ana pande mbili zinazofanana," Bi Takriban alisema, bila ukali. "Kwa hiyo fundi hachori mtu mzima. Anachora nusu, anaiweka kwenye mkunjo, mkasi unazaa nusu ya pili. Karatasi ya nyuma unaikatia vipande viwili, kulia na kushoto. Ya mkono, viwili. Wewe umepima karatasi tatu kama zilivyo. Umevika nusu mtu."

"Kigae kimoja ni kigae kimoja," Kikokotoo alisema kwa sauti ndogo. Macho yalikuwa yamemwiva. Alifungua daftari, akachukua kikokotoo, akabonyeza, akazidisha kwa mbili, akagawanya. Alikigeuza wote waone. Mia mbili.

"Namba yako haikuwa na kosa la kuzidisha," Bi Takriban akamwambia, maana alimwona anavyofadhaika. "Kikokotoo kilikujibu ulichokiuliza. Ungesimama tu ukajiuliza: mita moja na robo, nani anaenea humo? Ungeshtuka mwenyewe."

"Samahani, mama," kijana akasema. Aliisema kweli, na akatoka nje akiwa ameinamisha kichwa.

Wakabaki wanawake wawili. Mama Mkubwa alishusha pumzi. "Basi yamekwisha. Hospitali nitazungumza nao. Mungu akubariki, umenitua mzigo."

"Na wangu?"

"Wako upi?"

"Watu wakirudi kutoka kula, waambie. Waambie hakuna kilichoibwa. Neno moja tu, hapa katikati, mimi nikiwa nimesimama."

Mama Mkubwa alianza kukunja kile kipande cha bitana, bega juu ya bega. "Unajua mambo ya mkwe," alisema. "Nikimvua nguo mbele ya mafundi, binti yangu atalala wapi? Wewe ni mtu mzima. Unajua wewe, najua mimi, anajua Mungu. Inatosha."

"Mungu simshuku, mama. Hao wa cherehani ndio wasiojua."

"Watasahau."

"Watasahau majora. Mimi hawatanisahau."

"Nitaiondoa ile meza ya mlangoni."

"Lini?"

"Polepole. Tukiiondoa leo, watauliza kwa nini."

Bi Takriban alimtazama mwanamke yule aliyemfahamu kwa miaka kumi na tisa, aliyemletea sukari siku ya msiba, na akaona kwamba naye alikuwa amepiga hesabu. Upande mmoja kaweka mkwe, upande mwingine mkataji, akalinganisha uzito kwa jicho tu, bila hata rula, na jibu lake alikuwa nalo tangu asubuhi aliposema "watu wakiwa nje".

Mafundi walianza kurudi, wakifuta midomo. Walimkuta amesimama katikati ya chumba na mwenye mali, na wote wawili wamenyamaza. Wakaona wanachotaka kuona. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko.

Wifi alikuja mpaka mezani. "Vipi?" akanong'ona.

"Nilikuwa sahihi."

"Sasa mbona hawasemi?"

"Muulize Mama Mkubwa."

Wifi akageuka. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kuingia ofisini na mlango umerudishwa, siyo kwa kishindo, taratibu, kama mtu anayefunga jikoni ili harufu isitoke.

Bi Takriban alivua aproni, akaitundika. Akachukua mkoba wake na miwani. Mkasi ulikuwa wa karakana, akauacha umefumbwa, ncha zikitazama ukuta. Fundi wa cherehani ya tatu aliuliza kama anaumwa, akampita. Aliitembea ile sakafu kwa urefu wake wote, polepole, ili anayetaka kutazama atazame.

Mlangoni mlinzi alisimama. "Shangazi... mkoba."

Aliuweka juu ya meza, akaufungua mwenyewe. Kijana alitazama kwa muda mfupi kuliko siku zote.

"Mbona mapema leo? Saa nane haijafika."

"Naenda nyumbani."

"Haya. Kesho basi, shangazi."

Alifunga mkoba, akaupachika begani, akatoka kwenye jua kali la mchana. Nyuma yake wifi alikuwa akimwita kwa jina lake halisi, lile la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu mwingine karakanani aliyewahi kulisikia. Hakugeuka. Alipita duka la vifungo, akapita kona ya fundi viatu, akaendelea. Kesho yake meza ya kukatia ilimngoja mpaka jioni, na wiki iliyofuata wakamtafuta mkataji mwingine.